Sitaki ubunge. Je, bado nisome sayansi ya siasa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya kwanza ya sayansi ya siasa. Baba anasema hilo ni somo la watu wanaotafuta ubunge, na kaka yangu anadai nitakaa miaka yote nikisoma magazeti. Mimi sina hamu ya kugombea chochote. Nataka kuelewa kwa nini nchi moja inatulia na nyingine inawaka moto. Nina hofu mbili: hesabu zilinishinda tangu sekondari, na sijui nitaajiriwa wapi. Nitasoma nini hasa, na je, inafaa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kilichonifanya niketi kukujibu kwa kirefu ni ile sentensi yako kwamba unataka kuelewa kwa nini nchi moja inatulia na nyingine inawaka moto. Nimefundisha fani hii miaka mingi, na wanafunzi wanaoingia darasani na swali la namna hiyo ndio ninaowaona wakikua mbele ya macho yangu. Wanaoingia na majibu tayari huwa wananipa kazi kubwa zaidi.

Nianze na baba yako, kwa heshima zote. Anayesoma mito na mikondo yake halazimiki kuwa mvuvi. Mwanasiasa anataka kushinda. Mwanafunzi wa siasa anataka kujua kwa nini huyu ameshinda na yule ameshindwa, na nani angeshinda kama kanuni zingekuwa nyingine. Wakati mwingine kazi hizo mbili zinapingana kabisa, maana mwanasiasa akiwa jukwaani ni vigumu aseme "hapa ushahidi wangu ni mdogo", nasi tunalazimika kulisema hilo kila siku. Wapo waliosoma fani hii wakaingia bungeni, kama walivyoingia wanasheria, walimu na wafanyabiashara. Chuoni hutafundishwa kuhutubia wala kutafuta kura.

Kaka yako hajakosea kabisa: magazeti utayasoma. Ila gazeti hukwambia kilichotokea jana. Darasani utaulizwa kama jambo hilo limewahi kutokea kwingine, mara ngapi, na ni wapi halikutokea ijapokuwa dalili zote zilikuwepo. Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo wengi wetu hatuliulizi tunapobishana siasa nyumbani.

Nikuonyeshe kazi yenyewe inavyokwenda. Kila mwaka, katika insha za kwanza za muhula, nakutana na sentensi inayofanana na hii: "Nchi nyingi ni maskini kwa sababu viongozi wake ni wabinafsi." Mwandishi huwa ameiandika kwa uchungu wa kweli, nami simdharau. Naizungushia kalamu, kisha namwita tukae. Namuuliza: ubinafsi wa kiongozi utaupimaje? Akisema kwa wizi wa mali ya umma, namuuliza kama hakuna nchi iliyopiga hatua huku wakubwa wake wakiiba. Akikumbuka moja, namuuliza tena: basi kuna tofauti gani kati ya walioiba nchi ikakua na walioiba nchi ikazama? Hapo hunyamaza kidogo. Halafu swali linaanza kugeuka mdomoni mwake. Labda tatizo si tabia ya mtu, labda ni kile kinachomzuia au kinachoshindwa kumzuia: bunge, mahakama, jeshi, matajiri wanaomgharamia, hofu ya kushindwa uchaguzi ujao. Baada ya saa nzima ameandika upya: "Ni mazingira gani humlazimisha hata kiongozi mbinafsi kujenga shule na barabara?" Swali hili unaweza kwenda nalo maktaba ukatafuta jibu lake. Sentensi ile ya kwanza ilikuwa inafunga mazungumzo kabla hayajaanza.

Sehemu kubwa ya miaka yako chuoni itakwenda katika kugeuza sentensi za namna ile ya kwanza kuwa za namna ya pili. Usiione kuwa kazi ndogo.

Likishapatikana swali, tunalinganisha. Aristotle na wanafunzi wake, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, inasemekana walikusanya katiba za dola 158 ili waone nini huidumisha serikali na nini huiangusha. Kati ya hizo imetufikia moja tu karibu nzima, ya Athens, iliyopatikana kwenye mafunjo huko Misri na kuchapishwa mwaka 1891. Mpaka leo hatuna maabara ya kuitia nchi tukaichemsha, kwa hiyo tunafanya kama wao, tena tunatafuta hasa mahali pawili panapofanana karibu kwa kila kitu isipokuwa kimoja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko mpakani mwa Zambia na Malawi. Mpaka ule ulichorwa na wakoloni mwishoni mwa karne ya 19, ukawapasua katikati Wachewa na Watumbuka. Ukivuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, lugha ni zile zile na mila ni zile zile. Mtafiti wa Marekani, Daniel Posner, alifanya utafiti katika vijiji vya pande zote mbili, watu wakaulizwa maswali sawa: wale wenzenu wa kabila la pili mnawaonaje? Mngeoana nao? Mngempigia kura mgombea wao? Upande wa Zambia walionana kama washirika. Upande wa Malawi walionana kama wapinzani.

Tulia hapo kidogo. Kama chanzo cha uhasama kingekuwa tofauti za mila, ungekuwepo pande zote mbili, kwa sababu mila hazikubadilika kwa kuvuka mpaka. Posner, katika makala yake ya mwaka 2004, alionyesha kwamba kilichobadilika ni ukubwa wa makundi hayo ndani ya kila nchi. Malawi, kila kundi lina watu wa kutosha kuwa mtaji wa mwanasiasa anayetafuta madaraka ya taifa zima. Zambia, yote mawili ni madogo mno ukilinganisha na nchi, kwa hiyo hakuna anayenufaika kwa kuyatenganisha. Inamlipa zaidi mwanasiasa kuwahesabu pamoja kama watu wa mashariki ya nchi. Nilipoisoma makala hiyo mara ya kwanza nilikuwa tayari nafundisha, na nililazimika kuandika upya mihadhara yangu miwili kuhusu ukabila. Nilikuwa nimewaambia wanafunzi mambo ambayo mpaka mmoja ulitosha kuyakanusha.

Kuhusu mpangilio wa kozi sitakuchosha. Kwa kawaida utakuta nadharia na falsafa ya siasa, siasa linganishi, mahusiano ya kimataifa, utawala wa umma na mbinu za utafiti. Majina yatatofautiana kidogo kutoka chuo hadi chuo. Ninalotaka kulisema ni kuhusu falsafa, kwa kuwa ndiko wanafunzi wengi huchoka mapema. Wanaona wanalazimishwa kusoma watu waliokufa kale, wanakariri majina na miaka, mtihani ukipita wanasahau.

Wasome kwa njia nyingine. Kila ukifungua mmoja wao, jiulize: huyu alikuwa anaogopa nini? Thomas Hobbes, aliyechapisha kitabu chake kikuu mwaka 1651, alikuwa amekimbilia Paris huku nchi yake, Uingereza, ikichinjana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Aliogopa kukosekana kwa mtawala, ndiyo maana alikuwa tayari kumpa mmoja nguvu zote. John Locke, miongo michache baadaye, aliogopa mfalme asiyezuilika, akaandika kwamba serikali hupata uhalali wake kwa ridhaa ya wanaotawaliwa. Ibn Khaldun, mwaka 1377, alikuwa ameona tawala za Afrika Kaskazini zikiinuka na kuanguka, akatafuta sababu katika asabiya, ule mshikamano wa kundi unaolifikisha kwenye kiti cha enzi kisha ukalegea vizazi vyake vinapozoea raha za mjini. Frantz Fanon, mwaka 1961, aliogopa uhuru ambao ungewabadilisha wakaaji wa ofisi tu na kuuacha mfumo ulivyokuwa. Ukiwasoma hivyo wanaacha kuwa majina ya mtihani. Utagundua pia kwamba kila nchi inayowaka moto leo imebeba angalau moja ya hofu hizo, na mara nyingi imebeba mbili zinazovutana.

Sasa hesabu. Sitakuficha: zipo, na ukizikwepa utatoka na nusu ya elimu. Lakini tazama ni hesabu za aina gani. Chukua uchaguzi wa Uingereza wa Julai 2024. Chama cha Labour kilipata asilimia 33.7 ya kura, kikachukua viti 411 kati ya 650. Reform UK kilipata asilimia 14.3, kikaambulia viti 5. Liberal Democrats walipata kura chache kuliko Reform, asilimia 12.2, lakini wakapata viti 72. Chukua karatasi ugawanye kura za kila chama kwa viti vyake. Labour ilitumia kama kura 24,000 kwa kila kiti, Liberal Democrats kama 49,000, Reform zaidi ya 820,000.

Huko ni kugawanya tu, ulikujua tangu utotoni. Kazi inaanza unapouliza tofauti hiyo imetoka wapi, wakati kura zilihesabiwa sawasawa. Imetoka kwenye kanuni. Kila jimbo lina kiti kimoja, na anayeongoza anakichukua hata kama wengi hawakumchagua. Chama kilichotapakaa nchi nzima kikawa cha pili au cha tatu kila mahali kinarudi mikono mitupu. Kilichojikusanya katika majimbo fulani kinavuna. Badilisha kanuni, na kura zile zile zitakupa bunge lingine. Wananchi wa New Zealand waliishi na hali hiyo: mwaka 1978 na tena 1981, Labour ya kwao ilipata kura nyingi kuliko chama cha National ikapata viti vichache. Manung'uniko yaliendelea hadi kura ya maoni ya 1993, na tangu uchaguzi wa 1996 wanatumia mfumo mchanganyiko ambao sehemu ya viti vya chama hukaribiana na sehemu yake ya kura.

Takwimu nyingine zitakufundisha kutoamini wingi peke yake. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kuuliza maoni kwa watu wapatao milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba mgombea Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Orodha za majina zilikuwa zimetolewa kwa sehemu kubwa kwenye vitabu vya simu na kumbukumbu za wenye magari, katika miaka ambayo maskini hakuwa na simu wala gari, na waliojisumbua kujibu hawakuwa sawa na walionyamaza. Ukilielewa hilo vizuri, umeshaelewa sehemu muhimu ya somo la takwimu kabla hujagusa fomula.

Na kama bado moyo unakudunda, mkumbuke Elinor Ostrom. Aliomba kusoma shahada ya uzamivu ya uchumi akakataliwa kwa kuwa hakuwa amesoma hisabati ya kutosha. Enzi hizo wasichana walikatishwa tamaa wasiisome. Akaingia sayansi ya siasa, akaandika tasnifu kuhusu maji ya ardhini huko California, kisha akatumia maisha yake kuchunguza jinsi watu wanavyotunza kwa pamoja misitu, malisho, maeneo ya uvuvi na mifereji ya umwagiliaji. Wengi waliamini kwamba mali ya wote lazima iharibike mpaka serikali iitwae au iuzwe kwa mtu binafsi. Yeye alionyesha jamii ambazo zimeitunza kwa vizazi kwa kanuni walizojiwekea wenyewe na kuzisimamia wenyewe. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata. Takwimu alijifunza, kwa sababu maswali yake yalizihitaji.

Ushauri wangu hapa ni mkali kidogo: kozi ya takwimu ichukue mapema kadiri chuo kitakavyokuruhusu, usiisogeze hadi mwaka wa mwisho. Jifunze programu moja ya kuchambua data. R ni ya bure na inatumika sana. Mtafute mwenzako mmoja mkae pamoja mara mbili kwa wiki na zoezi moja moja. Nimewaona wengi waliokuja wakiwa na hofu kama yako wakatoka wakiwafundisha wengine, na sijamwona hata mmoja aliyefika huko kwa kusubiri usiku wa kuamkia mtihani.

Kuna usomaji pia, na ndio huwalemea wengi kuliko hesabu. Utapewa kurasa nyingi kila wiki kuliko ulivyozoea. Usizisome zote kwa kasi moja kama riwaya. Kwa kila makala tafuta swali la mwandishi, dai lake, na ushahidi aliouleta. Kisha andika kwenye daftari, kwa maneno yako, ni jambo gani likitokea litaonyesha kwamba amekosea. Mistari mitano inatosha. Usipoweza kuiandika, hujaielewa makala, hata kama umeipaka rangi ukurasa mzima.

Jambo lingine ambalo barua yako haikuligusa, lakini litakupata: ushabiki. Katika somo hili kila mtu anaingia na upande wake, tofauti na anayesoma madini au nyota. Mimi sikatazi mtu kuwa na chama. Ninachofanya ni kumpa kila mmoja atetee asichokipenda. Muhula mmoja nilikuwa na kijana aliyeamini kwa moyo wote kwamba maendeleo huletwa na mkono wa chuma, na binti aliyeamini kwamba bila demokrasia hakuna kitu. Nikawabadilishia pande. Yule kijana alirudi akiwa na Botswana, iliyofanya chaguzi za vyama vingi tangu uhuru wa 1966 huku uchumi wake ukikua kwa kasi kwa miongo kadhaa. Binti akarudi na Singapore, ambako chama kimoja kimetawala tangu 1959 na nchi ikatajirika. Hakuna aliyehama upande wake. Lakini kuanzia siku hiyo kila mmoja alijua ni nchi gani inayoisumbua hoja yake, na insha zao za mwisho zilikuwa bora kuliko zote darasani. Niliyafurahia mabishano yao mpaka leo nayakumbuka.

Tuje kwenye ajira, na hapa nataka niwe mkweli kwako na kwa baba yako. Shahada hii haina leseni kama ya daktari au mhandisi. Hakuna mlango mmoja ulioandikwa jina lake. Wahitimu wake utawakuta katika utumishi wa umma, balozi, tume za uchaguzi, ofisi za bunge, vyombo vya habari, taasisi za utafiti, mashirika ya misaada na ya haki, na hata kampuni zinazotaka kujua kama ni salama kuwekeza mahali fulani. Wengine huendelea na sheria au ualimu. Lakini mwajiri hatakuajiri kwa sababu unaijua nadharia ya Hobbes. Atakuajiri kwa sababu unaweza kupokea ripoti ya kurasa 200 jioni, na asubuhi ukamkabidhi kurasa 2 zinazosema tatizo ni nini, njia zipi zipo, na kila njia itamgharimu nani. Ustadi huo haufundishwi katika kozi moja. Unaupata kwa kuandika na kuandikiwa makosa, tena na tena.

Kwa hiyo ongeza kitu cha pili. Lugha ya kigeni uimudu barabara, au uchumi, au sheria, au takwimu za juu kidogo. Tafuta mafunzo kazini wakati wa likizo, hata kwenye ofisi ndogo, hata kazi yenyewe ikiwa ni kuandika kumbukumbu za vikao. Anayekaa vikaoni hujifunza upesi nani anasikilizwa na nani anakatizwa, na hiyo ni sayansi ya siasa pia.

Je, inafaa? Kama ungeniandikia kwamba unataka kazi yenye jina na mshahara unaojulikana siku ya kuhitimu, ningekushauri utafute kozi nyingine bila kuona haya. Kama ungesema unataka kukisaidia chama fulani kishinde, ningekwambia nenda kwenye chama, utafika haraka zaidi. Wewe umeniandikia kwamba unataka kuelewa. Nenda kasome.

Kabla chuo hakijafunguliwa, fanya zoezi moja. Chagua nchi mbili zinazopakana, moja iliyotulia na nyingine isiyotulia. Andika sababu tatu unazodhani zinaeleza tofauti hiyo. Kisha, kwa kila sababu, tafuta nchi ya tatu inayoikataa: ina sababu hiyo hiyo lakini mambo yake yamekwenda kinyume. Yote yaingie kwenye ukurasa mmoja. Ukimaliza mpe baba yako aisome, umwombe aweke alama ya kalamu kila mahali asipokubaliana nawe, halafu karatasi hiyo uende nayo chuoni.